HISABU ILIYO SAHIHI NA USHAHIDI ULIO WA UWONGO

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, ajuaye idadi ya waja wake wote wala asipotewe na hata mmoja. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, ambaye watu wa Makka walimwita Mwaminifu kabla hajapewa utume, na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake.

Amma baad. Liko suala ambalo zamani lilikuwa la wanavyuoni na makadhi tu, na leo limemfikia kila mtu asomaye gazeti au achukuaye simu mfukoni. Suala lenyewe ni hili: Je, mtu aweza kutaja hisabu iliyo sahihi, isiyozidishwa wala kupunguzwa hata moja, na juu ya hayo akawa ameshuhudia uwongo?

Wengi hujibu kwa haraka kuwa haiwezekani. Husema: neno laweza kupindwa, lakini mbili na mbili ni nne kwa Muislamu na kwa asiye Muislamu. Kwa ajili hiyo mtu akitukanwa kwa maneno hujibu, lakini akitukanwa kwa hisabu hunyamaza, akadhani kuwa amekwisha kushindwa. Na wengine, badala ya kunyamaza, huenda kutafuta hisabu nyingine ya kumtukana aliyewatukana. Wote wawili wamepotea njia, na sababu ya kupotea kwao ni moja, nayo ni kuwa hawakujua hisabu ni kitu gani. Hisabu haihukumu, hisabu ni shahidi. Na shahidi, hata akiwa msema kweli, hapokewi mpaka aulizwe.

MNYAMA ALIYEFUNGWA KIWELE

Jawabu la suala hili halihitaji kutafutwa mbali. Limo katika mlango wa biashara, ambao kila mwanafunzi wa fikihi ameusoma. Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza mwenye ngamia au mbuzi kumwacha mnyama wake bila kumkama mpaka maziwa yakusanyike katika kiwele, kisha akampeleka sokoni. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, na mafakihi hukiita kitendo hicho tasriya. Mnunuzi aliyehadaika ana hiari ya siku tatu: akitaka humweka mnyama, na akitaka humrudisha pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyakama.

Mwenye akili na atazame. Muuzaji yule hakusema uwongo. Pengine hakufungua kinywa chake. Kiwele ni cha mnyama yule yule, na maziwa yaliyomo ni maziwa ya kweli. Lau yangepimwa, kipimo kingekuwa sahihi. Lakini macho ya mnunuzi yalimwambia kuwa hivyo ndivyo mnyama huyu alivyo kila siku, na hilo si kweli. Basi Sharia haikuuliza, "Je, maziwa yalikuwamo?" Iliuliza, "Mnunuzi alifahamishwa nini?"

Wanavyuoni wa Hadithi nao wana mfano kama huo, nao ni tadlis. Mpokezi husema, "Kutoka kwa fulani," na fulani huyo alikutana naye kweli, ila hadithi ile hakuisikia kwake. Alipewa na mtu wa katikati ambaye amemficha. Imam Shafii, katika kitabu chake Risala, ameeleza kuwa aliyejulikana kwa jambo hilo haipokewi hadithi yake mpaka abainishe kuwa ameisikia. Hakuitwa mwongo, lakini mlango ulifungwa juu yake.

Wala mtu asidhani kuwa dini yachukia kuhisabu. Mafakihi wa Kishafii wamesema kuwa hedhi ya mwanamke haipungui usiku na mchana mmoja, wala haizidi siku kumi na tano, na aghlabu yake ni siku sita au saba. Mipaka hiyo wameipata kwa istikrai, yaani kwa kuwachungua na kuwauliza wanawake mmoja mmoja, mpaka Imam akajua lililo la kawaida na lililo la nadra. Basi ibada za nusu ya umma, sala zao na saumu zao, zimesimama juu ya hisabu. Lakini waliohisabu walitaka kujua, wala hawakutaka kushinda. Hapo ndipo njia mbili zilipoachana.

Kwa mifano hii, shahidi huyu aitwaye hisabu ana maswali matatu ya kuulizwa. La kwanza: Ni nini kilichohisabiwa, na ni nini kilichoachwa? La pili: Kimelinganishwa na nini? La tatu: Sababu iliyotajwa, je, ndiyo sababu kweli? Na kila moja litapata mfano wake katika nchi moja, nayo ni India.

KWA NINI INDIA

Huenda mtu akauliza: mambo ya India yawahusu nini watu wa pwani? Jawabu ni kuwa pwani ya Afrika na pwani ya Malabar ni majirani kwa bahari. Waislamu wa Malabar ni Mashafii, na kitabu Fat-hul Muin kisomwacho katika darsa za pwani hii kilitungwa na mwanachuoni wao, Sheikh Zainuddin al-Malibari. Tena hakuna nchi ambako hisabu ya Waislamu imegeuzwa kuwa silaha kwa muda mrefu kama India.

Mwaka 1909 bwana mmoja aitwaye U. N. Mukherji alichapisha katika mji wa Calcutta maandiko yenye kusema kuwa Wahindu, ambao watu wa pwani huwaita Mabaniani, ni kaumu inayokufa, na Waislamu ndio watakaoirithi nchi. Dalili yake ilikuwa hisabu ya watu iliyofanywa na serikali ya Kiingereza. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, hisabu ya mwaka 2011 iliikuta kaumu hiyo inayokufa ina watu milioni 966, nao ni karibu 80 katika kila mia ya watu wa India. Waislamu walikuwa milioni 172, nao ni 14 katika mia. Utabiri haukutimia, lakini maneno yale hayakuzikwa; kila kizazi huyafukua na kuyavika nguo mpya.

Wala jambo hili si la mchezo wa kalamu. Mwaka 2002 katika jimbo la Gujarat, Wahindu 59 waliteketea ndani ya gari la moshi huko Godhra, na baada yake yakazuka machafuko makubwa. Kwa hisabu iliyotolewa katika Bunge la India mwaka 2005, waliouawa walikuwa Waislamu 790 na Wahindu 254. Maelfu ya watu walikimbilia kambini. Na mwaka ule ule, katika jukwaa la siasa, kambi hizo za waliokimbia moto zikafananishwa na viwanda vya kuzalishia watoto. Mtu aliyechomewa nyumba hakuonekana tena kuwa ni mtu. Alikuwa ni moja katika jumla inayotisha. Hisabu peke yake haimwui mtu, lakini huweza kuufanya moyo wa jirani kuwa mzito asimhurumie.

SWALI LA KWANZA: KILICHOACHWA

Mwezi wa Septemba mwaka 2004 serikali ya India ilitangaza hisabu ya dini za watu kama ilivyopatikana mwaka 2001. Humo ilionekana kuwa Waislamu katika miaka kumi wameongezeka 36 katika mia, ilhali Wahindu wameongezeka 20 tu. Tena katika miaka kumi iliyotangulia Waislamu walikuwa wameongezeka 34 na nusu. Basi ikasemwa: Wahindu wanapunguza mwendo na Waislamu wanaukaza. Magazeti yakapiga mbiu, na wanasiasa wakasema kuwa nchi imo hatarini.

Hakuna aliyebuni hisabu ile. Mwaka 1991 Waislamu walioandikwa walikuwa yapata milioni 101 na laki sita. Mwaka 2001 walikuwa yapata milioni 138 na laki mbili. Ye yote akigawa ataiona 36 imetimia. Kiwele kimejaa, na maziwa ni maziwa.

Lakini shahidi hakuulizwa. Mwaka 1991 watu wa Jammu na Kashmir hawakuhisabiwa kabisa kwa sababu ya fujo na vita, na Kashmir ndiyo nchi ambayo Waislamu wake ni wengi kuliko wengine. Mwaka 2001 watu hao walihisabiwa. Waislamu wao, yapata milioni 6 na laki nane, wakaingia katika jumla ya pili ilhali hawakuwamo katika jumla ya kwanza, kana kwamba wote wamezaliwa katika miaka ile kumi, pamoja na wazee wao wenye mvi.

Mwenye kutaka haki na awatoe watu hao katika hisabu ya pili, kama walivyokosekana katika ya kwanza. Watabaki Waislamu milioni 131 na laki nne. Akigawa tena atapata kuwa wameongezeka 29 katika mia, wala si 36. Ama Wahindu wa Kashmir ni wachache, na kuwatoa katika jumla ya milioni 828 hakubadili sana. Huongezeko lao hubaki karibu na 20. Kisha na aitazame miaka kumi ya nyuma kwa mizani hiyo hiyo ya haki: aona Waislamu walikuwa wameongezeka yapata 33. Basi Waislamu hawakukaza mwendo. Walipunguza, kutoka 33 hata 29. Na miaka kumi iliyofuata, mpaka mwaka 2011, wakashuka tena wakawa chini ya 25.

Ofisi ya hisabu yenyewe ilitoa hisabu iliyosawazishwa, na haukupita muda ikaikariri ili watu wafahamu. Lakini neno la kwanza lilikuwa limekwisha kwenda na upepo, na jiwe lililotoka mkononi halirudi. Wako watu waliosikia 36 siku ile, wakafa nayo, wasiisikie 29 milele.

SWALI LA PILI: KILICHOLINGANISHWA

Mwezi wa Mei mwaka 2024, siku za uchaguzi mkuu wa India, baraza la kumshauri Waziri Mkuu katika mambo ya uchumi lilitoa karatasi yenye kulinganisha mwaka 1950 na mwaka 2015. Fungu la Wahindu katika jumla ya watu lilikuwa 84.68 katika mia, likawa 78.06. Fungu la Waislamu lilikuwa 9.84, likawa 14.09. Haya yote ni sahihi. Lakini yaliyotangazwa na magazeti mengi ni kuwa fungu la Wahindu limepungua 8 katika mia, na la Waislamu limezidi 43 katika mia. Na wako waliolitupa neno "fungu", wakasema kuwa Waislamu wenyewe ndio waliozidi 43.

Ili jambo hili lifahamike, na lipigiwe mfano wa shamba la minazi mia. Minazi 85 ni ya Juma, na kumi ni ya Hamisi, na iliyobaki ni ya watu wengine. Baada ya miaka mingi Hamisi ana kumi na minne, na Juma ana 78. Hamisi amezidisha minne. Lakini minne juu ya kumi ni 40 katika mia. Juma amepungukiwa na saba. Lakini saba katika 85 ni 8 katika mia. Mwenye kusema "Hamisi kazidi 40, na Juma kapungua 8" hakusema uwongo. Lakini asikiaye, ambaye hajaliona shamba, atadhani kuwa Hamisi yu karibu kulimiliki lote, ilhali Juma bado ana minazi 78 katika mia.

Kisha kuna lililofichwa nyuma ya mafungu, nayo ni idadi ya watu wenyewe. Toka mwaka 1951 hata 2011 Waislamu wa India walizidi yapata milioni 137. Wahindu katika muda huo huo walizidi yapata milioni 660. Basi kwa kila Muislamu mmoja aliyeongezeka, waliongezeka Wahindu karibu watano. Hii nayo ni hisabu sahihi, imetoka katika madaftari yale yale, na mtu angeweza kuitumia kinyume chake ili kuwatisha Waislamu. Kila mmoja huchagua kipimo kimpendezacho. Na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Mutaffifin amewaonya wale ambao wakijipimia hutimiza, na wakiwapimia watu hupunja.

Na ajabu ni kuwa walioiandika karatasi ile walitaka kuonyesha kuwa watu wa dini ndogo katika India wanastawi na hawakuonewa. Jumuiya ya Population Foundation of India ikalalamika hadharani kuwa magazeti yameyageuza yaliyomo. Hisabu ikishatoka mkononi mwa mwenyewe, haiko tena chini ya amri yake.

SWALI LA TATU: SABABU

Hapa hapana budi kusema haki. Ni kweli kuwa wanawake wa Kiislamu wa India, wakichukuliwa kwa jumla, huzaa zaidi kuliko wanawake wa Kihindu. Kwa uchunguzi wa serikali wa mwaka 1992 na 1993, mwanamke Muislamu alikisiwa kuzaa watoto 4.4 katika umri wake, na Mhindu 3.3. Kwa uchunguzi wa mwaka 2019 hata 2021, Muislamu alikisiwa 2.4, na Mhindu 1.9. Mwenye kukanusha tofauti hii ili kuitetea dini ameitetea kwa uwongo, na dini haina haja ya mtetezi wa namna hiyo. Lakini mwenye kuitaja tofauti na asiseme kuwa imeshuka toka 1.1 hata nusu moja kwa kadirio, naye ameficha.

Linalobaki ni sababu. Wenye kulaumu husema kuwa sababu ni Uislamu. Wanafunzi wa usuli wanajua namna ya kuijaribu illa: hutazamwa kama hukumu huzunguka pamoja nayo, ikiwapo iwepo, na ikiondoka iondoke. Illa ikipatikana mahali bila hukumu yake, illa hiyo imevunjika.

Basi na ijaribiwe. Katika jimbo la Kerala, ambamo imo Malabar ya Sheikh Zainuddin, Waislamu ni zaidi ya robo ya watu. Na kwa uchunguzi ule wa 2019 hata 2021 mwanamke wa Kerala alikisiwa kuzaa watoto 1.8. Katika jimbo la Bihar, ambako Wahindu ni zaidi ya watu wanane katika kumi, mwanamke alikisiwa kuzaa watatu. Mwanamke Muislamu wa Kerala huzaa wachache kuliko mwanamke Mhindu wa Bihar. Na katika nchi jirani ya Bangladesh, ambayo watu wake karibu wote ni Waislamu, uzazi ulishuka toka watoto zaidi ya sita katika miaka ya 1970 hata wawili na kitu kufika mwaka 2011. Dini ni ile ile, Kurani ni ile ile, na hukumu imeondoka. Illa imevunjika.

Kilichozunguka pamoja na hukumu ni kitu kingine. Katika uchunguzi ule ule, mwanamke wa India asiyesoma kabisa, wa dini yo yote, alikisiwa kuzaa 2.8; na aliyesoma miaka kumi na miwili au zaidi, 1.8. Na kamati iliyoongozwa na Jaji Rajinder Sachar ilipotoa taarifa yake mwaka 2006 ilieleza kuwa Waislamu wa India wajuao kusoma na kuandika walikuwa 59 katika mia, na watu wote kwa jumla 65. Ufukara na ujinga vina uzazi wao, na havina msikiti wala hekalu.

Ama wake wanne, nalo lina hadithi yake. Serikali ya India iliwahimiza watu kwa neno la kuwa "Sisi wawili, wetu wawili," yaani mume na mke wawe na watoto wawili. Wenye dhihaka wakawatungia Waislamu neno lao: "Sisi watano, wetu ishirini na watano." Lakini hisabu iliyokusanywa pamoja na sensa ya mwaka 1961, na kutajwa katika taarifa ya hali ya wanawake ya mwaka 1974, ilionyesha kuwa ndoa za wake wengi zilikuwa 5.7 katika mia kwa Waislamu, na 5.8 kwa Wahindu. Katika miaka ya karibuni zimepungua kwa wote: uchunguzi wa 2019 hata 2021 uliona 1.9 kwa Waislamu na 1.3 kwa Wahindu. Hapa Waislamu wamezidi kidogo, na kidogo hicho kisifichwe.

Na lau wangekuwa wengi, bado hoja isingesimama. Kwa hisabu ya 2011, kwa kila wanaume elfu wa Kiislamu wa India wako wanawake 951. Na ifanywe mfano kuwa wanaume mia katika elfu hao wameoa wake wanne wanne. Wamechukua wanawake 400. Wamebaki wanawake 551 kwa wanaume 900. Na wanaume 349 hawana wa kuoa. Watoto huzaliwa na wanawake, na idadi ya wanawake haizidi kwa kugawanywa vingine. Ndoa ya wake wengi huweza kusemwa kwa mengi, mema na mabaya, lakini haiwezi kuwaumba wanawake wasiokuwapo.

HAKI JUU YA NAFSI

Msomaji akifika hapa pengine atafurahi, akasema kuwa Waislamu wamedhulumiwa na wenye kuwadhulumu wamefedheheka. Na asifurahi kwa haraka. Katika Sura ya Nisaa Mwenyezi Mungu amewaamrisha waumini kusimama na haki na kushuhudia kwa ajili yake, hata ikiwa ni juu ya nafsi zao. Na katika Sura ya Maida amewakataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuchukia watu. Shahidi aliyeulizwa maswali matatu alipokuwa upande wa pili, na aulizwe maswali hayo hayo akiwa upande wa Waislamu.

Ni mara nyingi mtu hupanda mimbari akasema kuwa Uislamu ndiyo dini ikuayo kwa haraka kuliko zote, na wasikiao hufahamu kuwa watu wanasilimu kwa makundi. Kukua ni kweli. Lakini wataalamu wa hisabu hizi wameeleza kuwa sababu kubwa ni uzazi na wingi wa vijana katika Waislamu, wala si kusilimu. Kisha ajabu ya maajabu! Hisabu ya watoto ambayo Muislamu aliikasirikia ilipotamkwa na adui wa Waislamu wa India, ndiyo hiyo hiyo anayojifakhiria nayo msikitini, baada ya kuivika kanzu ya daawa. Akifanya mwenziwe ni tadlis. Akifanya yeye je?

Na hutajwa nchi za Wazungu, kama Sweden, kuwa wanawake wake hunajisiwa kuliko wa nchi zote, na hiyo ikafanywa dalili ya uharibifu wa desturi zao. Katika nchi hiyo kila kitendo huandikwa peke yake, hata kama mtendaji na mtendewa ni wale wale, na sheria yao tangu mwaka 2005 ilipanuliwa ikaingiza mengi ambayo kwingine hayaandikwi. Nchi ambayo mwanamke huogopa kushitaki, daftari lake ni jeupe. Weupe wa daftari si weupe wa watu.

Na katika Tanzania, sensa ya mwisho kuuliza dini ilikuwa ya mwaka 1967. Tangu hapo kila upande una hisabu yake, na kila upande hujiona kuwa ndio wengi. Na mwaka 2012 wako Waislamu waliotaka sensa isusiwe kwa kuwa haikuuliza dini. Mwenye kutaka dini iulizwe ana hoja yake, na mwenye kuogopa mafarakano ana hoja yake. Lakini asiyekuwa na shahidi, wa dini yo yote, na asitoe hukumu. Katika Sura ya Israa imekatazwa kufuata lile ambalo mtu hana ujuzi nalo, kwani masikio na macho na moyo, vyote vitaulizwa.

Tena wingi wenyewe ni kitu gani? Siku ya Hunayn Waislamu walipendezwa na wingi wao, na Kurani imeeleza katika Sura ya Tawba kuwa wingi huo haukuwafaa kitu, na ardhi ikawa dhiki kwao pamoja na upana wake. Siku ya Badri walikuwa mia tatu na kidogo. Basi kaumu haihofiwi kwa wingi wake wala haiheshimiwi kwa huo. Hisabu ya kumsikitisha Muislamu ni ile 59 ya Jaji Sachar, na zote zilizo mfano wake katika pwani hii: watoto wangapi hawakufika darasani, na wasichana wangapi walitolewa chuoni kabla ya wakati. Hiyo haina adui wa kulaumiwa, na kwa hiyo ndiyo isiyotajwa.

KHATIMA

Jawabu la suala la mwanzo limedhihiri. Mtu aweza kusema hisabu isiyopungua hata moja, na akawa ameshuhudia zuri, ikiwa amekusudia asikiaye afahamu lisilokuwa kweli. Ama aliyeipokea kwa nia njema akaieneza bila kuuliza, yeye hakukusudia uwongo, lakini hajasalimika. Kwani katika Sura ya Hujurat waumini wameamrishwa kuichungua khabari wasije wakawadhuru watu kwa ujinga, kisha wakajuta kwa waliyoyatenda.

Basi ikimjia mtu hisabu yenye kuwalaumu watu, wa dini yake au wa dini nyingine, na ambane shahidi: Umemhisabu nani, na nani umemwacha? Umempima na nani? Na sababu uliyoitaja, je, yazunguka pamoja na hukumu yake? Akijibu, na apokewe, hata akiwa amesema lisilopendeza. Asipojibu, na arudishwe kama arudishwavyo mnyama aliyefungwa kiwele. Na mnunuzi alipewa siku tatu za kumjaribu mnyama mmoja. Heshima ya watu milioni nyingi haipungui siku tatu za kufikiri kabla ya kuipeleka hisabu yao kwa mwingine.

Mwenyezi Mungu awajaalie waja wake kuwa mashahidi wa haki, na awakinge wasidhulumu wala wasidhulumiwe, kwa kalamu wala kwa ulimi. Na Yeye ndiye ajuaye zaidi.